Treni Yenye Kuvaa Pantalo

Kwetu ku kilima, juu ya Kipese, kuko reli. Treni hakuna. Na ile reli ni safi kupita njia ya gari yenye inatoka Butembo, juu njia ya gari hakuna mutu anaogopa kuipoteza.

Batoto yangu benye bako Beni, mu Bungulu, bananikatazaka kusema hii habari mbele ya bageni yabo. Banasema: "Mama, batu batafikiri tuko batu ya ajabu." Mimi najibu: batu ya ajabu ni ninyi, munanunua mpaka majani ya sombe. Basi nitaisema hapa. Mwenye kucheka acheke, mais asinikate maneno.

Reli yetu ni kadogo. Ukilala katikati ya chuma mbili, mabega yako inagusa huku na kule. Bazungu ya mine, benye kuchimba mawe, njo baliiweka, mbele nizaliwe, juu ya kushusha mawe kutoka ku tundu ya kilima mpaka ku mutoni kwenye balikuwa banayaosha. Na mujue: hata wakati treni ilikuwa muzima, haikukuwa na moto wala moshi. Ilikuwa sanduku ya chuma yenye magurudumu, na nyuma yake baba-mukwe wangu na wenzake banasukuma. Kupanda, banasukuma. Kushuka, banaishika na kamba isibauwe.

Basi mukubwa wa bazungu akaona majani inaota ku reli mbio kuliko batu banasukuma. Akasema: kila mutu achukue kipande moja, toka kiungo mpaka kiungo, pale chuma mbili zinakutana. Atoshe majani ku kipande yake, naye atalima shamba pembeni, huku na huku. Majani ikishika reli, shamba inaenda kwa jirani. Nyuma bazungu bakaenda. Tundu ikaanguka. Sanduku moja ilibaki pa kona, muti ukaota ndani yake, na sasa muti ni mukubwa na sanduku iko juu kule, imebebwa mu matawi sawa mutoto ku mugongo. Mais hakuna mutu alikuja kutuambia: acheni. Amri ilitolewa, mwenye kuiondoa hatukumuona. Na sisi hatukukuwa bajinga ya kuacha shamba juu tu mwenye kuamuru hayuko.

Vita ilitukimbiza mara mingi. Kila tukirudi, tunakuta milango imebebwa, mbuzi zimeliwa, na reli imejaa majani mpaka ku kifua. Tunaanza na reli. Kisha njo tunatafuta mulango.

Kila mwaka, mbele ya kupanda maharagi, kapita anapita ku reli. Kapita njo mukubwa wetu wa kilima, mwenye anakata maneno ya mipaka. Siku ile yeye njo treni. Hapana kucheka. Anaanzia chini ku mutoni asubui mapema, mutu mbele yake anapiga pembe ya ngombe, naye anapanda katikati ya chuma mbili, bila kuruka, bila kutoka pembeni, mpaka ku tundu. Akipita kipande ya nyumba fulani, benye nyumba banaingia nyuma yake, mukono ku bega ya mwenye kuwa mbele. Hao njo bagoni zake, sanduku zenye treni inakokota. 

Na anavaa pantalo. Ile pantalo ni ya kapita wa kwanza, ya kaki, mine njo ilimupatia. Kila kapita mupya anaipokea pamoja na pembe. Ku magoti kuko kiraka mbili za ngozi. Sheria ni hii: majani ikigusa kiraka, shamba imepotea. Majani ikipita chini ya kiraka, lima shamba yako, mutu asikusumbue.

Bakapita ya zamani balikuwa barefu. Mwenye tuko naye sasa ni mufupi. Tulimuchagua juu ya akili yake, hakuna mwenye alifikiri miguu. Siku ya kwanza alivaa ile pantalo, kiraka zikaanguka mpaka karibu ya kifundo ya muguu. Kilima ikashikwa na hofu. Tukakutana juu ya hii maneno tangu misa mpaka jua kushuka: goti ya sheria ni ya pantalo ao ni ya kapita? Bazee bakasema, goti ya kapita inabadilika, kapita anakufaka, kiraka haikufaka. Sheria ni kiraka. Mutu moja akauliza kama hatuwezi kukunja pantalo. Bakamujibu: unaanza kukunja pantalo, kesho unakunja sheria. Donc tangu pale tunanyoa reli chini kabisa, sawa kichwa ya mutoto mwenye alikuwa na chawa.

Kipande yangu iko pa kona, pale sanduku imebebwa na muti. Shamba yake inatoa biazi kubwa, maharagi, na poireaux, kitunguu ya majani marefu, yenye banamuke ya soko ya Butembo banakuja kujibebea. Mume wangu aliniachia ile shamba, na batoto yangu yote balisoma juu yake. Jirani wangu wa kipande ya chini ni mujane sawa mimi. Tulifika ku kilima mwaka moja, tukiwa bibi-harusi. Tukazaa, tukazika, tukaimba mu chorale moja ya kanisa. Na tangu tulifika, yeye anaangaliaka shamba yangu namna mutu anaangalia sahani ya mwenzake.

Kuko kintu ingine ya kujua. Kiungo yako hapana kuonyesha mugeni. Chuma zote ni sawa, ukiziangalia mbio huoni tofauti. Mwenye anajua kiungo ya nyumba ni mutu wa nyumba. Mume wangu alinionyesha yetu wakati mbuzi za mahari zilikuwa zimefika kwa baba yangu, mbele ya pale hapana. Na hakusema kintu. Alitembea ku reli, akaweka muguu fasi moja: kuko boulon moja ya kufunga chuma inakosa, na mu tundu yake muliingia kajiwe keupe. Basi. Ukimuonyesha mugeni, kesho anasimama mbele ya kapita anasema ni yake.

Mwaka huu goti yangu ya kuume ilikataa. Si kuuma, kuuma niliizoea. Ilikataa. Nikatuma neno Bungulu. Mwana wangu mukubwa akasema njia haiko muzuri. Wa pili akasema atatuma mutu, na ule mutu mpaka leo angali anakuja. Siku ya kapita ikakaribia, na majani ku kipande yangu ilikuwa inanifikia mu mapaja.

Njo simu ikalia. Alikuwa mujukuu wangu mwanamuke, mwenye anafundisha masomo Butembo.

"Mukaka," akasema, vile sisi Banande tunaita nyanya, "tunakuja."

"Wewe na nani?"

"Unajua na nani."

Nilijua. Kuko kijana moja, mutu wa serikali, balimutuma ku bureau ya Butembo kutoka mbali, upande wa Katanga. Kinande hajui. Mbuzi hajui. Alitaka kumuoa, na jamaa yote ilikuwa inangoja neno yangu, juu mimi njo mukubwa mwenye amebaki. Nilikuwa nimesema hapana. Nikasema tena: "Hapana."

"Mukaka, anaweza kulima."

"Mutu wa bureau?"

"Ako na mikono mbili."

"Hata nyani."

"Basi nani atatosha majani? Goti yako?"

Nikakata simu. Mutoto mwenye kusoma ni mubaya ku simu. Nikangoja kidogo, nikamupigia tena. "Alete jembe yake," nikasema. "Yangu hataigusa."

Bakafika. Pikipiki ilibaacha chini kwenye njia inaishia, bakapanda na miguu. Nilikuwa nimekaa mbele ya nyumba, nikabaona toka mbali, banatoka mu mikalitusi: mujukuu wangu mbele, na nyuma kijana murefu, chemise ya kazi, soulier ya ngozi, jembe mupya ku bega na karatasi ya duka ingali imeshikamana ku mupini. Pale njia inakatana na reli, akasimama. Akaangalia kushoto. Akaangalia kuume. Akamushika mujukuu wangu mukono, njo bakavuka, mbio mbio.

Nikasema mu roho: huyu ni muwazimu.

"Wabukire, Mukaka," akanisalimia. Hiyo ni salamu ya asubui, na jua ilikuwa inashuka, mais nikaona alijifunza.

"Uliangalia nini kule ku reli?"

"Treni, Mukaka."

"Treni hakuna."

"Ndiyo, Mukaka."

"Haijapita tangu mbele nizaliwe."

Akafikiri. Akasema pole pole, bila kucheka: "Ya kwetu pia inachelewaka."

Nikamuangalia mu uso, kama ananichezea. Hapana. Uso yake ilikuwa ya mutu mwenye anasema habari ya jamaa. Akanielezea ya kwamba alikomalia pembeni ya gare, fasi treni inasimama. Mama yake alikuwa anauzisha kule biazi, karanga na maji kwa batu ya safari. Treni inatangazwa leo, inafika juma ingine. Mama anapika, chakula inaharibika, anapika tena.

"Na baba yako, yeye njo alikuwa anaendesha treni?"

"Hapana, Mukaka. Baba alikuwa anaingoja."

"Anaenda wapi?"

"Hatukujua. Haikufika siku yenye alikuwa amevaa nguo ya safari."

Sikupenda vile nilipenda ile jibu. Nikasimama, nikaenda mu jikoni.

Asubui akachukua jembe, akauliza: "Mukaka, kipande yako inaanzia wapi?"

Mujukuu wangu akaniangalia. Yeye pia hakujua. Alizaliwa Butembo, ku kilima anakujaka likizo juu ya kula. "Kiungo habaonyeshake mugeni," akamuambia kijana. "Hata mimi habajanionyesha. Ati mutoto mwanamuke ataolewa, ataenda nayo."

"Shuka mpaka pa kona," nikamuambia. "Pale unaona majani, lima."

Nilisema vile tu. Hakukuwa mutu wa nyumba. Leo pia mukiniuliza, nitajibu namna ile ile: hakukuwa bado. 

Akalima siku nzima. Ku mulango yangu sionake kona, kilima inaificha, mais nilikuwa nasikia jembe. Na nilikuwa nasikia sauti ya jirani wangu inapanda, tamu sawa asali:

"Courage, mukwe wetu! Eeh, mikono ya serikali! Na pale chini ya jiwe, pale, usiache! Mungu akubariki!"

Ile sauti ilipashwa kuniamusha akili. Tangu tulikuwa bibi-harusi hajaambia mutu wa nyumba yangu courage. Mais nikafikiri: uzee unamulainisha.

Kijana akarudi jioni, chemise imeshikamana na mugongo, mikono imejaa malengelenge. "Iko safi, Mukaka," akasema. "Unaweza kutandika mukeka ulale." Nikamupatia maji ya moto na chumvi juu ya mikono. Asante sikumupa. Asante inatolewa kapita akiisha kupita.

Siku ya kapita nikavaa kikwembe ya misa, nikafunga kitambala yangu nyekundu ku kichwa. Tukashuka, mimi na fimbo, mujukuu wangu na sufuria kubwa ya biazi na maharagi, juu kule juu ku tundu tunakulaka pamoja. Kijana nyuma na jembe. Nilimuambia aiache ku nyumba. Akasema ni jembe yake ya kwanza, anataka batu bamuone nayo. Ukungu ilikuwa ingali imelala mu bonde. Tukafika pa kona.

Kipande ya jirani wangu ilikuwa inangaa. Sijaona reli namna ile. Kijana alikuwa ametosha majani yote, amefagia, amepangusa chuma, na vijiwe amevipanga pembeni sawa mbele ya nyumba ya mapadri. Katikati yake jirani wangu amekaa juu ya kiti, miguu imenyooshwa, anakula muhindi ya kuchoma.

Na tangu kajiwe keupe kupanda juu, kipande yangu: majani mpaka mu mapaja, yote, hata moja haikuguswa.

"Wabukire, mama-mukwe!" jirani akaita. "Umelala namna gani? Huyu mukwe wako, sijui nitamushukuru na nini. Nilikuwa nasema nimutumie mayai."

"Ulimuona analima kwako, na ukanyamaza?"

"Nani alinyamaza? Nilimupatia courage tangu asubui mpaka jioni! Sauti imenikauka."

"Mwizi weye."

"Mwizi wa majani? Nenda unishitaki, useme niliiba majani yangu. Tuone."

Kijana aliangalia huku, akaangalia kule, kisha akaangalia mikono yake. Mujukuu wangu akaanza kulia. Nikamuambia anyamaze, si kilio. Mais niliangalia shamba yangu huku na huku ya reli, na biazi zenye zilikuwa karibu ya kungolewa, na nilijua: jua ikifika juu ya kichwa, hii yote itakuwa ya ule munamuke mwenye muhindi ku meno.

Kutoka chini tukasikia pembe.

Kijana akaruka mu majani na jembe, akakata, akakata. Bure. Treni ilikuwa inatokea pa kona. Mbele mwenye kupiga pembe. Nyuma yake kapita wetu mufupi, kamba ku kiuno, pantalo inajaa upepo, kiraka zinamupiga ku miguu. Na nyuma yake kilima nzima, mukono ku bega, bazee, banamuke na batoto ku mugongo, bote banalia "ngriii, ngriii," juu ya magurudumu yenye haikutiwaka mafuta.

Kijana akaacha jembe, akanigeukia.

"Mukaka, kitambala."

"Nini?"

"Kitambala ya kichwa. Ni nyekundu."

Mujue alikuwa ananiomba nini. Kwetu mukwe hata mu macho hamuangaliake mukubwa wa bibi yake. Yeye hakukuwa hata mukwe. Na munamuke wa miaka yangu anabaki kichwa wazi mbele ya batu siku ya kilio tu. Nilikuwa nimefungua kinywa kusema hapana. Nikaona kiraka zinakuja.

Nikafungua kitambala na mikono yangu mwenyewe. Baridi ikapiga mvi zangu.

Akaruka katikati ya reli, akanyoosha mikono, akapepea kitambala juu na chini, na akatosha sauti yenye sikujua mutu wa bureau ako nayo:

"Simama! Simama! Simama!"

Pembe ikakatika. Kapita akasimama. Benye nyuma bakagonga benye mbele, na ile "ngriii" ikakufa pole pole mpaka mwisho ya mustari, kule chini, kwenye batu balianza kuuliza nani amekufa.

"Wewe ni nani?" kapita akasema.

"Papa Kapita, na wewe ni nani?" kijana akamujibu, na heshima yote.

"Mimi njo treni."

"Njo vile. Treni ikiona nyekundu, inasimama. Mwenye kupitisha anafukuzwa kazi."

"Pita, Kapita!" jirani wangu akalia. "Majani ni ile pale, macho yako inaona, pita! Tangu zamani nani amesimamisha treni?"

Kapita akaangalia majani. Akaangalia kitambala. Akaangalia nyuma, kwa bazee. Muzee moja, mwenye baba yake alisukuma pamoja na baba-mukwe wangu, akatosha mukono ku bega ya mwenzake ili afikiri muzuri. "Nyekundu ilikuwaka," akasema. "Baba alinielezea. Mawe ikianguka pa kona, banasimika kitambaa nyekundu. Mwenye kupita, fimbo."

"Basi nimesimama," kapita akasema.

Sasa kukawa shida ingine. Treni ilikuwa imesimama, na hakuna mwenye alijua treni yenye kusimama inafanyaka nini. Tukaangaliana. Mutoto moja akalia. Kapita akajikuna.

Kijana alijua. Njo kintu ya treni alijua kupita zote. Akachukua sufuria mu mikono ya mujukuu wangu, akaipandisha ku bega, akaanza kupita pembeni ya mustari, na akaita sawa mama yake:

"Biazi moto! Maharagi! Biazi moto, papa, mama, musilale na njaa, gare ingine iko mbali!"

Batu balikuwa ku miguu tangu giza. Mikono ikatoka ku mabega, ikaingia mu sufuria. Bagoni za nyuma bakalalamika banabasahau. Kapita alibaki katikati ya chuma mbili, juu treni hapana kutoka ku reli, mais alinyoosha mukono mpaka sufuria ikamufikia, na hakunyoosha mara moja.

Na mimi nilikuwa nimepiga magoti mu kipande yangu. Ile goti yenye ilikataa nikaiambia: utakataa kesho. Nikakamata jembe mupya, na karatasi yake ya duka, nikakata. Mujukuu wangu akangoa na mikono. Sufuria ilipoisha kijana akaja. Kisha banamuke ya chorale yetu bakakuja, midomo imejaa, bakainama nao. Mutu mwenye biazi ya shamba fulani iko mu kinywa yake, ni nguvu kutamani ile shamba ipotee.

"Kapita!" jirani wangu akalia. "Banalima! Balisimamisha treni juu ya kulima tu! Ni uongo!"

Kapita akameza kwanza. "Mama," akasema, "mimi niko treni. Treni hapana kujua juu ya nini banaisimamisha."

Mpaka leo nasikia batu banarudilia ile maneno mu mambo yenye haina reli ndani.

Pembe ikalia tena. Kipande yangu haikukuwa safi. Ilikuwa sawa kichwa yenye kunyolewa na kisu butu. Kapita akaingia pa kajiwe keupe, pole pole, kilima nzima nyuma yake, na mimi pembeni, kichwa wazi, macho ku kiraka. Fasi moja kajani kamoja kalikuwa kamesimama, kanangojea muguu ya kushoto. Kapita akainua muguu kidogo. Nasema kile niliona: akainua. Alikuwa amekula sahani yangu. Kajani kakapita chini ya ngozi, hakakugusa, na treni ikapita.

Tukaingia mu mustari. Mukono yangu ku bega ya mujukuu. Kijana alikuwa nyuma yangu na hakujua fasi ya kushika, juu bega yangu hapana. Akashika fimbo yangu ku mwisho. Tukapanda vile mpaka ku tundu, bagoni yetu na fimbo katikati, mu majani ya pori na mu baridi, na goti yangu inanitukana kila hatua.

Kule juu, kwenye treni inaishia, kapita anakataka maneno. Jirani wangu akashitaki. Kapita akasikiliza yote, mikono nyuma, kisha akasema: shamba haikupotea. Mais fasi treni imesimama na batu bamekula, ile ni gare. Na gare haifutwake, sawa vile reli haifutwake. Tangu sasa kila mwaka treni itasimama pa kona, na benye gare batalisha batu ya treni.

"Benye gare ni nani?" mutu akauliza.

Mimi, juu chakula ilikuwa yangu. Na jirani wangu, juu batu balikaa kula mu kipande yake.

"Mimi?" akasema. "Mimi nilikosa nini?"

"Hukukosa, mama. Kipande yako ni safi kupita zote. Njo fasi mutu anaweza kukaa."

Kilima nzima bakapiga mikono.

Jirani wangu akashuka nyuma yangu mpaka pa kona. Pale akachukua kiti yake, akasimama.

"Mwaka wenye unakuja utapika maharagi, mimi biazi," akasema. "Biazi zako hazina chumvi."

"Zako hazina haya."

"Na funga kitambala. Unatisha batoto."

Kijana alikuwa amekuja kukaa pembeni ya reli. Pembeni, si juu ya chuma. Kitambala alikuwa ameikunja muzuri mu magoti. Akanipatia na mikono mbili, macho chini. Mujukuu wangu alikuwa nyuma yake, anajifanya kuangalia mawingu. Nilijua banangoja nini. Kesho yake balikuwa banarudi Butembo, na jamaa yote ilikuwa inangoja neno yangu.

Nikafunga kitambala. Sikufanya mbio, juu neno inatokaka muzuri kichwa ikiwa imefunikwa. Kisha nikamuambia: "Leta jembe. Kuko fasi tulilima vibaya."

"Wapi, Mukaka?"

Nikaangalia kama jirani ameenda. Alikuwa ameenda, ao alikuwa nyuma ya muti, haizuru, yeye anajua yake. Nikatembea ku reli mpaka pa boulon yenye inakosa. Nikaweka muguu yangu juu ya kajiwe keupe, nikaiacha pale.

Kijana akaangalia muguu. Mujukuu wangu akaacha mawingu, akafunika kinywa na mukono. Kisha kijana akakuja pole pole, akaweka muguu yake pembeni ya yangu, na ile soulier ya ngozi yenye udongo iliharibisha, haitaingia tena mu bureau.

"Anzia hapa," nikamuambia.

Akainua jembe. Mais mbele ya kuishusha, akaangalia kushoto, akaangalia kuume. Na mimi, nisijue juu ya nini, nikaangalia pia.